Bibi Aliyeshtakiwa kwa Sababu ya Watoto wa Adui

Jina lake ni zito kwa ulimi wa Mswahili: Eglantyne Jebb. Kwao Uingereza, eglantyne ni waridi la mwituni, ua lenye harufu nzuri na miiba mingi. Nikiyasoma maisha ya bibi huyu naona wazazi wake hawakukosea kumpa jina hilo, maana harufu alikuwa nayo, na miiba pia alikuwa nayo.

Wengi wetu hatujapata kumsikia. Lakini ukitoka Mombasa kwenda Malindi, msomaji, ukaiacha barabara kuu na kuingia ndani vijijini, ama ukavuka Likoni ukaelekea Kwale, utaziona kazi za watu walioishika njia yake. Utaona darasa la mawe lenye bati jipya ubavuni mwa darasa la udongo, na ukutani pameandikwa jina la mji wa Ulaya ambao watu wake walichanga fedha. Utamwona kijana wa Kizungu aliyejitolea kuja kufundisha Kiingereza kwa miezi miwili. Utaiona nyumba ya mayatima iliyojengwa na watu ambao miaka mitano kabla yake hawakujua hata Kilifi iko upande gani wa dunia. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiyatazama mambo haya na kujiuliza watu hawa wameitoa wapi desturi ya kuvuka bahari kwenda kumlea mtoto wa mtu wasiyemjua. Sisi tuna yetu: tuna zaka, tuna sadaka, tuna wakfu, na yatima ana heshima ya pekee kwetu kwa kuwa Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alikua yatima. Yao je, asili yake ni nini?

Sisemi kwamba kabla ya bibi huyu hapakuwa na wema. Wamisheni walikwisha kufungua shule na makao ya watoto zamani, na hapa kwetu Rabai na Freretown waliwaweka watu waliotolewa utumwani, watoto wakiwamo. Lakini mmisheni alikuja na dini yake mkononi, na babu zetu walimtazama kwa jicho la hadhari. Nilichokuwa nikikitafuta ni asili ya msaada ule unaosema kwamba mtoto apewe bila ya kuulizwa dini wala kabila wala taifa la babake. Nikaifuata njia hiyo kinyumenyume, kitabu kwa kitabu, nikafika kwa Bi Eglantyne. Nilitarajia kumkuta mama mpole aliyezungukwa na vitoto. Nikamkuta mwanamke aliyekiri kwa rafiki zake kwamba watoto hasa hakuwapenda, na kwamba kukaa nao kulimchosha.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1876 katika nyumba kubwa ya shamba iitwayo The Lyth, karibu na mji mdogo wa Ellesmere, wilaya ya Shropshire. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Babake, Arthur Jebb, alikuwa mwenye ardhi na mtu wa vitabu. Mamake aliona kwamba watu wa vijijini wanazidi kuwa mafukara kwa kukosa kazi za mikono, akaanzisha mwaka 1884 chama cha kuwafunza uchongaji, ufumaji na kazi nyingine za sanaa. Waliofundisha walikuwa watu wa kujitolea, wengi wao mabibi wenye nafasi, waliotoa jioni zao bila ya malipo. Kwa hiyo binti huyu aliiona tangu utotoni kazi ya kujitolea ikifanywa nyumbani kwao, uzuri wake na udhaifu wake.

Alipofika umri wa kwenda chuo kikuu babake alikwisha kufariki, na familia haikuwa na hamu ya kumsomesha zaidi msichana. Shangazi yake ndiye aliyemtetea. Akaenda Oxford mwaka 1895 kusoma historia katika Lady Margaret Hall, nyumba ya wanafunzi wa kike, akamaliza mwaka 1898. Shahada hakupewa. Si kwamba alishindwa mtihani. Oxford wakati huo haikumpa mwanamke yeyote shahada, na haikuanza kufanya hivyo mpaka mwaka 1920. Wale wanaotuambia kila siku kwamba ni sisi peke yetu tuliochelewa kumsomesha mtoto wa kike wangefaa kuukumbuka mwaka huo.

Akiwa bado masomoni alifiwa na ndugu yake mdogo, mvulana wa miaka kumi na sita. Msiba ule ulimwingia sana. Akaona haifai akae nyumbani kunywa chai na kungoja posa kama mabinti wa hali yake, akaamua kuwa mwalimu wa watoto wa maskini. Kwa mwanamke wa tabaka lake hilo lilikuwa jambo la ajabu, kama vile binti wa liwali wa zamani kuamua kwenda kuuza mbata sokoni. Akapata mafunzo ya ualimu, kisha akapewa darasa la wasichana katika mji wa Marlborough.

Na hapo akashindwa. Hakuwa na kipaji cha kushika darasa. Watoto walimlemea, kelele zilimtoa akili, usiku hakulala kwa kufikiria kesho yake. Alivumilia mwaka na ushei, afya ikamtoroka, akaacha. Nimesimama kidogo hapa kwa sababu naona ndipo penye siri ya maisha yake yote. Alikwenda kwa nia njema kabisa, akagundua kwamba nia njema peke yake haimfundishi mtoto kusoma. Wengi wanaojitolea hawafiki kulijua hilo, maana huondoka kabla ya matokeo kuonekana. Yeye alilijua mapema, akiwa na miaka ishirini na minne tu, na hakulisahau.

Akahamia Cambridge kumtunza mamake. Huko akajiunga na chama cha kupanga misaada ya maskini, na badala ya kugawa supu akaanza kuhesabu. Alipita mtaa kwa mtaa: nyumba ngapi, watu wangapi katika chumba kimoja, mshahara kiasi gani, nani anatoa sadaka na sadaka hiyo inakwenda wapi. Mwaka 1906 akachapisha kitabu juu ya hali ya maisha katika mji ule. Si kitabu cha kutoa machozi. Ni kitabu cha mtu anayeamini kwamba ukitaka kumsaidia mtu ni lazima kwanza umjue, kama tabibu asivyotoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Baadaye akasimamia ofisi ya kuwatafutia wavulana kazi zenye ufundi, ili wasiishie kuwa vibarua wa kutumwa huku na huko mpaka wanazeeka.

Mwaka 1913 alitumwa Makedonia kupeleka fedha za msaada. Vita vya Balkani vilikuwa vimeuvunja utawala wa Waturuki katika nchi zile, na maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wamefukuzwa makwao, Waislamu na Wakristo, kila kundi likikimbia upande wake. Bi Eglantyne aliwaona wakimbizi wasio na paa wala blanketi. Aliporudi kwao akasema kwamba vyakula na nguo vinapunguza tu makali, na kwamba kinachoua ni vita vyenyewe pamoja na chuki ya kabila kwa kabila. Watu hawakupendezwa sana na maneno hayo, kwani wachangaji wengi hupenda kuambiwa kuwa senti zao zimemaliza tatizo.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Dada yake, Dorothy, aliyeolewa na mbunge Charles Roden Buxton, alipata ruhusa ya kuagiza magazeti ya nchi za adui, na dada hao pamoja na wenzao wakawa wanayafasiri ili Waingereza wajue yanayosemwa upande wa pili. Katika magazeti hayo walisoma kwamba watoto wa Ujerumani na Austria wanakufa kwa njaa. Waingereza na washirika wao walikuwa wamezifunga njia za bahari chakula kisipite. Vita vikasimama tarehe 11 Novemba 1918, watu wakacheza ngoma barabarani, lakini njia hazikufunguliwa. Zilibaki zimefungwa kwa miezi kadhaa, mpaka Wajerumani wautie sahihi mkataba wa amani, na hilo halikuwa mpaka katikati ya mwaka 1919. Watu wazima walikuwa wakibishana juu ya mipaka na fidia, na katika hospitali za Vienna watoto wachanga walikuwa na viungo vyembamba kama vijiti.

Mwanzoni mwa mwaka 1919 dada hao na wenzao waliunda baraza la kupigania njia hizo zifunguliwe. Mwezi wa Aprili Bi Eglantyne akasimama Trafalgar Square, katikati ya London, akagawa karatasi zenye picha ya mtoto wa Kiaustria aliyekondeana, kichwa kikubwa na mwili hauna nyama. Askari wakamkamata. Sheria za vita zilikuwa bado zinafanya kazi, na karatasi zile hazikupitishwa kwanza kwa wakaguzi wa serikali.

Kesi ilisikizwa tarehe 15 Mei. Alijitetea mwenyewe. Kisheria hakuwa na pa kutokea, kwa hiyo akaiacha sheria akazungumzia haki ya mtoto kula, waandishi wa habari wakawa wanaandika. Kiongozi wa mashtaka alikuwa Sir Archibald Bodkin, mtu mkali na mashuhuri. Hakimu alimtia hatiani na kumtoza faini ya pauni tano, adhabu ndogo kuliko alivyoweza kumpa. Baada ya kesi Bodkin mwenyewe akamwendea mshtakiwa wake akampa pauni tano kutoka mfukoni mwake. Bi Eglantyne alizihesabu fedha zile kuwa mchango wa kwanza wa mfuko wake mpya. Nimeona mawakili wengi katika umri wangu, wengine hodari sana. Sijamwona aliyemlipia mshtakiwa faini aliyomwombea mwenyewe.

Siku nne baadaye, tarehe 19 Mei 1919, ukumbi mkubwa wa Royal Albert Hall ulifurika. Wapo waliokuja na matunda mabovu kumtupia huyu msaliti anayewaonea huruma watoto wa Wajerumani. Wengi wao walikuwa wamepoteza waume na wana vitani miezi michache tu iliyopita, na uchungu wao haukuwa wa mchezo. Bibi akapanda jukwaani, mwembamba, nywele zimeanza kuwa nyeupe, sauti kwanza hafifu kisha ikaja juu. Hoja yake ilikuwa rahisi: kwamba haiwezekani kwa wao kama binadamu kuwatazama watoto wakifa njaa bila ya kujaribu kuwaokoa. Matunda hayakutupwa. Fedha zilichangwa, na hapo ukazaliwa mfuko wa Save the Children, maana yake Waokoeni Watoto. Wachimba makaa, chini ya kiongozi wao Robert Smillie, walikuwa miongoni mwa wafanyakazi waliouunga mkono.

Mwanamke huyu wa Kanisa la Kiingereza alisafiri mpaka Roma kuonana na Papa Benedict wa 15, na kanisa zote za Katoliki zikaamriwa kuchanga tarehe 28 Desemba 1919. Akaandika pia kwa viongozi wa dini nyingine. Mwezi wa Januari 1920 umoja wa kimataifa wa vyama vya kuokoa watoto ulianzishwa Geneva, chini ya uangalizi wa Msalaba Mwekundu, na mji huo ukawa ndio makao yake mpaka kufa.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1921, mvua ilipokosekana katika bonde la mto Volga, nchini Urusi. Nchi ilikuwa imechoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, nafaka za wakulima zimechukuliwa, na njaa ikaingia isiyo na mfano. Iliwapiga Warusi, ikawapiga na Waislamu wa Kitatari na Kibashkiri wa sehemu zile. Huko London yalizuka magazeti yaliyosema kwamba kumlisha mtoto wa Kibolsheviki ni kuupa nguvu ukomunisti, na kwamba Waingereza wasio na kazi wana haki zaidi. Bi Eglantyne alijibu kwa matangazo ya ukurasa mzima na kwa sinema iliyopigwa kule kule kwenye njaa, ikaonyeshwa kumbi za miji mbalimbali. Hilo nalo lilikuwa jipya, na wapo waliomlaumu kwa kufuja fedha za watoto kwenye matangazo. Meli ikapakia mahitaji ikaenda. Katika jimbo la Saratov mfuko wake ulifungua majiko, na kazi ilipopamba moto ulikuwa ukiwalisha watoto wapatao 300,000 kila siku.

Wasaidizi waliofanya kazi kwenye majiko yale, kwa idadi, walikuwa Warusi wa pale pale. Waliotoka Uingereza walikuwa wachache, wa kusimamia stoo na hesabu. Bi Eglantyne alishikilia kwamba sadaka iendeshwe kwa utaratibu ule ule ambao mfanyabiashara hodari huendesha duka lake: mzigo upimwe, daftari iandikwe, na anayepewa awe ni yule mwenye haja zaidi, si yule aliye karibu na mlango. Alitaka pia msaada umwezeshe mtu kusimama, usimfanye akae kungojea meli nyingine.

Nikiyatazama ya kwetu kwa kipimo hicho, naona mchanganyiko. Zipo shule za vijijini katika mwambao huu ambazo, lau si wageni hawa, watoto wangekuwa bado wanasoma chini ya mwembe, na asiyeshukuru watu hamshukuru Mungu. Lakini nimeona pia darasa moja likipakwa rangi mara tatu katika mwaka mmoja, kwa sababu makundi matatu ya vijana yalikuja likizo na kila kundi lilitaka kazi ya kufanya. Fundi rangi wa kijiji kile alikuwa amekaa barazani hana kibarua. Nimeona mwalimu mkuu akivunja vipindi ili watoto waimbe mbele ya wageni. Nimeona mtoto wa miaka minne akimng'ang'ania binti wa Kizungu aliyekaa naye wiki sita, siku ya gari kuja kumchukua. Na mwezi uliofuata akaja mwingine, mtoto akaanza upya kupenda na kuachwa. Mtoto ambaye tayari mauti yamemnyang'anya wazazi hana haja ya kufunzwa kuachwa mara nne kila mwaka.

Tena si wote waliomo katika nyumba hizo ni mayatima. Wengi wana mama aliye hai, au nyanya, au mjomba, na kilichowatoa nyumbani ni umaskini, na pengine ni nyumba yenyewe iliyohitaji watoto ili iwe na cha kuwaonyesha wafadhili. Serikali yetu ililiona hilo, ndiyo sababu mwaka 2017 ilisimamisha kusajili makao mapya ya watoto, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka mtoto alelewe kwanza na watu wake, makao yawe ni kimbilio la mwisho. Kwa Waswahili hilo si geni. Yatima kwetu alikuwa wa ami na wa shangazi, na mtaa mzima ulikuwa na jicho juu yake. Tumeiacha desturi hiyo kwa miguu yetu wenyewe, kisha tunamlaumu mgeni kwa kuliona pengo.

Na picha je? Bi Eglantyne aliifungua njia ya picha ya mtoto mwenye njaa, na sasa picha hiyo haina mwisho. Mfuko wake pia ulikuwa na utaratibu wa mfadhili mmoja kupewa mtoto mmoja wa kumsaidia, kadi ikapita baina yao, na utaratibu huo ndio mnaouona leo katika shule nyingi. Mimi sitamtetea kwa yote. Hata hivyo picha yake ya mwaka 1919 ilikuwa ikimshtaki aliyeitazama, ikimwambia kwamba serikali yako na kura yako ndizo zilizomfikisha mtoto huyu hapa. Picha nyingi za siku hizi humwonyesha mpigaji katikati, mtoto pembeni.

Lakini kazi yake kubwa haikuwa majiko. Kadiri miaka ilivyokwenda aliona kwamba huruma ina kasoro: huja kwa wingi njaa ikiwa mbichi, kisha huchoka. Mwaka huu watu wanamlilia mtoto wa Vienna, mwaka ujao wa Volga, na mwaka wa tatu wamechoka na watoto wote. Alitaka kitu kisichochoka. Husemwa kwamba wazo lilimjia juu ya mlima Salève, unaoutazama mji wa Geneva, alipopanda siku moja ya mapumziko akakaa peke yake. Aliandika karatasi fupi ya vifungu vitano, umoja wake ukaipitisha mwaka 1923. Tarehe 26 Septemba 1924 Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, likaikubali. Likawa ndilo Azimio la Geneva la Haki za Mtoto.

Kwa ufupi azimio hilo lilisema kwamba mtoto apewe njia za kukua kimwili na kiroho. Mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, aliyebaki nyuma asaidiwe, aliyepotoka arudishwe, yatima na asiye na makao ahifadhiwe. Kwamba wakati wa dhiki mtoto awe wa kwanza kuokolewa. Kwamba afunzwe kazi ya kumpatia riziki na akingwe na wanaotaka kumnyonya. Na kwamba alelewe akijua kuwa vipawa vyake ni vya kuwatumikia wenzake. Hayo yote pasina kujali kabila, taifa wala dini.

Sisi tuliokalia mkeka wa chuo tulifunzwa mapema kwamba maskini ana fungu lake katika mali ya tajiri, na kwamba fungu hilo ni deni juu ya tajiri. Ndiyo maana zaka huhesabiwa kwa kiwango, haitolewi kwa moyo ukipenda. Na tuliihifadhi Suratul Maun, inayomkemea amsukumaye yatima, tukiwa hatujajua hata maana yake. Kwa hiyo niliposoma kwamba huyu bibi wa Shropshire, baada ya kuomba michango kwa miaka minne, alifikia kusema kuwa mtoto asiombewe bali adaiwe haki yake, nilimwona kama mtu aliyezunguka bahari nzima akatia nanga mbele ya nyumba yetu. Mwenye kutenda wema kwa huruma anaweza kuacha kesho akichoka. Mwenye deni hawezi kuliacha.

Ni kweli pia kwamba mataifa yaliyoitia mkono karatasi ile yalikuwa na makoloni. Mwaka 1920 bara yetu ilifanywa koloni, na mwambao ukawa Protektorati kwa jina la Sultani. Watu wazima walikuwa wakivishwa kipande shingoni, na watoto walikuwa wakichuma kahawa katika mashamba ya walowezi. Hakuna aliyetoka Geneva kuja kuwasomea vifungu vile vitano. Bi Eglantyne mwenyewe hakuwahi kuja pwani hii. Lakini katika miaka yake ya mwisho alikuwa akiwasukuma wenzake waangalie nje ya Ulaya, wawafikirie watoto wa Asia na Afrika.

Hakuwahi kuiona safari hiyo. Alikuwa na maradhi ya tezi la shingo kwa miaka mingi, akafanyiwa operesheni zaidi ya mara moja, naye hakujua kupumzika. Alifariki Geneva tarehe 17 Desemba 1928, ana miaka hamsini na miwili. Hakuolewa, hakuzaa.

Mwezi wa Juni 1931 umoja alioanzisha uliitisha mkutano Geneva juu ya mtoto wa Kiafrika. Wajumbe walijadili vifo vya watoto wachanga, elimu, na kazi za watoto. Takriban wote walikuwa Wazungu, wamisheni na maofisa wa makoloni. Waafrika walihesabika kwa vidole. Mmoja wao alikuwa kijana aliyefika Ulaya mwaka huo kwa niaba ya Kikuyu Central Association, jina lake wakati huo Johnstone Kenyatta.

Vifungu vitano vikawa kumi katika azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1959, na mwaka 1989 vikawa mkataba kamili wenye nguvu ya sheria. Kenya iliuridhia mwaka 1990, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Bi Eglantyne alizikwa katika makaburi ya kawaida ya St Georges, na huko alikaa kwa zaidi ya miaka tisini. Mwaka 2024 watu wa Geneva waliihamisha mifupa yake wakaizika tena katika makaburi ya Rois, wanapolala wakubwa wa mji wao.